Mirungi, Vidonge na Uchovu wa Askari

Uchovu ni adui wa kila askari, na majeshi mengi yamejaribu kuushinda kwa dawa. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Ujerumani yaligawiwa vidonge zaidi ya milioni 35 vya methamfetamini kati ya Aprili na Juni 1940. Askari waliweza kukesha, lakini madhara yalidhihirika, na mwaka 1941 dawa hiyo ikawekewa masharti makali.

Katika Afrika ya Mashariki mfano ulio karibu ni mirungi, iitwayo miraa nchini Kenya. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wapiganaji wengi wa Mogadishu walitafuna mirungi iliyoletwa kwa ndege kutoka Kenya. Haraka hiyo ilikuwa na sababu: kathinoni, kemikali iliyotambuliwa na maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975, hupungua kadiri majani yanavyonyauka.

Kwa umbile, kathinoni hufanana na amfetamini. Huifanya mishipa ya fahamu ya ubongo itoe dopamini kwa wingi. Moyo huenda mbio, njaa na usingizi havisikiki. Hata hivyo mwili haukuongezewa nguvu yoyote. Uchovu umefichwa tu, na dawa ikiisha humrudia mtu pamoja na unyonge na hamaki.

Kanuni hiyo haibagui. Humhusu askari, mchimba dhahabu wa Buseresere akeshaye shimoni, na mwanafunzi anayekabili mtihani. Deni la usingizi hulipwa kwa usingizi.