Kuku wa bruda hajui mwewe: mfundishe kabla hujamfungulia mlango

Leo naongea na vijana mnaonunua vifaranga chotara wa siku moja, mnawalea kwenye bruda, kisha mnawaachia wachakure nje ili kupunguza gharama ya chakula. Mpango ni mzuri. Ila kwenye kata yangu naona hasara kubwa haitokei tena kwenye bruda. Inatokea wiki mbili za kwanza baada ya mlango kufunguliwa.

Na hasara hiyo inauma, maana ukifika wiki ya 8 umeshalipia kifaranga, mkaa, chanjo na mifuko ya chakula. Kuku akibebwa siku hiyo, anaondoka na hela yote. Kuna dada mmoja ninayemhudumia aliyeanza na kuku 150 kwa mkopo wa vijana wa halmashauri. Siku ya kwanza alifungua banda asubuhi, akaenda zake shamba la mahindi. Jioni walirudi 121. Baada ya siku nane walibaki 94. Nilikagua waliobaki, sikuona ugonjwa wowote. Wengine walichukuliwa na mwewe mchana kweupe, wengine walilala kwenye nyasi usiku, kicheche akafanya kazi yake. Marejesho ya mkopo nayo hayajui habari za kicheche.

Kwa nini vifaranga wa bibi kijijini wanapona? Kwa sababu wana mama. Tetea anawaonyesha cha kula, anawaonyesha pa kujificha, na akitoa ule mlio wa hatari wote wanajibanza. Kuku wa bruda mama yake ni taa na jiko la mkaa. Taa haifundishi mwewe ni nini.

Jambo hili si letu peke yetu. Uingereza kila mwaka wanalea mabandani mamilioni ya feasanti, ndege wa jamii ya kuku, kisha wanawaachia misituni kwa ajili ya uwindaji. Walezi wao hawafungui tu mlango. Ndege wa wiki 6 hadi 8 huwekwa kwanza kwenye uzio mkubwa ndani ya msitu, usio na paa, wenye miti, vichaka, maji na chakula. Wanatoka kidogo kidogo, na chakula kinaendelea kuwekwa. Sisi tuna kuku, lakini somo ni lile lile. Fanya hivi:

1. Anza mafunzo ndani ya banda. Kuanzia wiki ya 3 weka fito za kulalia, kwanza chini kabisa, baadaye uzipandishe. Ning'iniza mchicha, watupie mchwa, wawekee na changarawe ndogo za kusagia chakula tumboni. Kila ukipeleka chakula, gonga debe au piga mluzi ule ule. Huo mlio utakuja kuwaokoa.

2. Maliza chanjo mapema. Huko nje watakutana na kuku wa majirani. Kideri ya I-2 ni tone moja jichoni, rudia kila baada ya miezi 3. Gumboro fuata ratiba ya vifaranga. Ndui wachanje wiki ya 6, uwaachie wiki ya 8. Kinga inahitaji muda kujijenga, usichanje leo ukafungua kesho.

3. Wazoeze banda la usiku. Kama umewahamishia banda jipya, wafungie humo siku 7 bila kutoka. Kuku hurudi anakopajua kuwa kwake.

4. Tengeneza maficho. Uwanja mweupe uliofyekwa ni meza ya mwewe. Acha vichaka, panda migomba, mihogo au matete. Wakati vinakua, jenga vibanda vifupi vya matawi au makuti, kila hatua tano kimoja. Kuku asikimbie mbali kutafuta kivuli.

5. Fungua jioni, si asubuhi. Siku tatu za kwanza wafungulie saa 11 jioni wakiwa na njaa kidogo, wewe ukiwepo. Giza likikaribia gonga debe, weka chakula ndani, wataingia wenyewe. Kisha ongeza saa moja kila siku. Mvua zikiwa kubwa, ahirisha.

6. Usikate chakula ghafla. Kuku aliyezoea kihori hajui kutafuta. Wiki mbili za kwanza mpe chakula chake chote. Baada ya hapo punguza cha asubuhi, kile cha jioni usiguse, maana ndicho kinachowarudisha nyumbani.

7. Tafuta mlezi. Jogoo mkubwa mmoja au matetea wawili waliozoea kuchakura watasaidia sana, kwa sababu wao wanajua kutoa mlio wa hatari. Ila wawe wamechanjwa, wamepewa dawa ya minyoo, na umewatenga wiki mbili kabla ya kuwachanganya. Mwalimu mgonjwa anaua darasa zima.

Mwisho, hesabu kila jioni na uandike kwenye daftari. Wakipungua mchana, tatizo ni mwewe au nguchiro, basi ongeza maficho. Wakipungua usiku, kagua mlango, matundu ya wavu na fito. Wakipungua siku mbili mfululizo, funga banda siku tatu, rekebisha, ndipo ufungue tena. Siku tatu za kuwalisha ndani ni gharama, lakini piga hesabu mwenyewe: kilo ngapi za chakula zinalingana na bei ya kuku mmoja wa miezi 2? Utakuta kufunga ni rahisi kuliko kuzika.