Kijana wa Rongai akisema 'niko poa', kiongozi wa kanisa asikie nini?

Jumapili asubuhi Ongata Rongai hailali. Makanga wa 125 na 126 wanaita abiria kando ya Magadi Road, huku spika za makanisa zikishindana kutoka kwenye vibanda vya mabati, kumbi za kukodi na majengo makubwa ya mawe. Katika mengi ya makanisa hayo, pembeni mwa ibada ya watu wazima, kuna ibada ya matineja. Wanaimba, wanaruka, wanapiga selfi, wanaposti. Ukiwasalimia, jibu ni moja tu: "Niko poa."

Je, wako poa kweli?

Takwimu zinasema wengi hawako. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, ambao ripoti yake ilitolewa 2022, ulibaini kuwa asilimia 44.3 walikuwa wamepitia tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Asilimia 12.2 walikuwa na dalili zinazotosha kuitwa ugonjwa kwa vipimo vya wataalamu. Hesabu hizo ni za nchi nzima, si za Rongai pekee. Lakini zilete kanisani: kati ya matineja 40 walioketi kwenye viti vya plastiki, karibu 18 wamekuwa na mwaka mgumu, na watano hivi wanahitaji mtaalamu. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili.

Diaspora ya sebuleni

Jina Ongata Rongai ni la Kimaasai, maana yake uwanda mwembamba. Leo uwanda huo umejaa ploti na fleti. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 170,000 hapa, na Kitengela zaidi ya 150,000. Wengi wao hulala Kajiado na kutafuta riziki Nairobi. Mzazi anatoka alfajiri kabla ya jamu, anarudi usiku akiwa hoi. Mtoto analelewa na dada wa kazi, simu na ratiba ya shule.

Watu hupenda kutania kwamba Rongai ni diaspora kwa vile iko mbali na tao. Kwa tineja, diaspora yenyewe iko sebuleni: mathe na buda wapo, lakini ni kama wako ng'ambo. Mazungumzo yanakuwa ya karo, matokeo ya mtihani na "mbona hujaosha vyombo." Mambo ya moyoni hayapati nafasi.

Ndiyo maana huduma ya vijana kanisani ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kwa tineja wengi, kiongozi wa vijana ndiye mtu mzima pekee anayekaa nao saa nzima bila kuwapa alama wala kuwafokea. Mara nyingi kiongozi huyo naye ni kijana wa miaka ishirini na kitu, huenda mwanafunzi wa chuo pale Multimedia au Africa Nazarene, anayejitolea bila hata nauli. Hajasomea saikolojia. Na Jumapili moja, baada ya maombi, tineja anabaki nyuma wenzake wakitoka. Kitakachofuata kinaweza kumwokoa mtoto huyo au kumfunga mdomo kwa miaka.

Kasisi, maiti na chai

Jambo hili lilimkuta kasisi mmoja wa Kianglikana huko Uingereza mwaka wa 1935. Chad Varah alikuwa kijana, ndio kwanza anaanza kazi, alipoombwa amzike msichana mdogo aliyejitoa uhai. Msichana huyo alikuwa amepata hedhi yake ya kwanza, akadhani ameambukizwa ugonjwa wa aibu. Hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Varah hakuisahau siku hiyo. Mwaka wa 1953 alianzisha huduma ya simu kwenye kanisa lake, St Stephen Walbrook, jijini London, kwa ajili ya watu waliokata tamaa. Watu walikuwa wengi, wakawa wanapanga foleni kumwona. Wakati wakisubiri, waumini waliojitolea waliwapa chai na kuwasikiliza. Varah akagundua jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wake: wengi waliondoka wamepata nafuu kabla hata ya kufika kwake. Kusikilizwa tu kulikuwa kumefanya kazi. Mwaka uliofuata aliwakabidhi watu hao wa kujitolea kazi ya kusikiliza, na shirika lao, Samaritans, liko hadi leo. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mtandao wa dunia nzima wa Befrienders, na tawi lake la Kenya hupokea simu za Wakenya.

Kwa kanisa la Rongai, funzo hapo ni kwamba kiongozi wa vijana hahitaji digrii ili kusikiliza. Anahitaji kujua namna ya kusikiliza, na mahali pa kumpeleka mtu pale kusikiliza kunapofika mwisho.

Si kila kitu ni pepo

Makosa ya kawaida tunayajua. Tineja anasema halali usiku, anaambiwa aombe zaidi. Anasema hana hamu ya chochote, anaambiwa amerudi nyuma kiimani. Anasema anasikia uzito kifuani, anaitwa mbele na kuwekewa mikono kama mwenye pepo, wenzake wote wakitazama. Jumatatu shuleni ana jina jipya.

Hakuna anayesema maombi yaachwe. Mkristo mwenye malaria huomba na pia humeza dawa, wala hakuna anayemwita mwenye imani haba. Ubongo nao ni kiungo cha mwili.

Biblia yenyewe inatoa picha tofauti na tuliyoizoea. Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya, muda mfupi tu baada ya ushindi mkubwa, anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amtoe roho. Malaika anayekuja hamkemei wala hamhubirii. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, kisha anamwamsha ale tena. Mazungumzo yanakuja baadaye. Rafiki zake Ayubu nao walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walifanya vizuri hadi hapo. Walipoanza kumweleza kwa nini anateseka ndipo walipoharibu.

Dalili za kuangalia si siri. Kijana aliyekuwa mchangamfu anajitenga. Usingizi na hamu ya kula vinabadilika. Alama zinaporomoka. Ameanza pombe au bangi. Anafanya utani wa kufa mara kwa mara, au anagawa vitu anavyovipenda. Siku moja mbaya kila mtu huwa nayo. Hali ikidumu wiki mbili au zaidi, hiyo si "mood" tena, na kama anazungumzia kufa hakuna cha kusubiri wiki mbili.

Siri haigeuki ombi la maombi

Kuna mwiba mwingine ambao vijana wanaujua vizuri. Unamwambia kiongozi jambo lako Jumapili, Jumatano liko kwenye grupu ya WhatsApp: "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu katika maombi, anapitia hali ngumu ya mawazo." Wote wanajua ni nani. Umbea ukivaa kanzu unabaki umbea.

Hata hivyo, kiongozi asiahidi siri ya milele. Ahadi ya haki ni hii, na isemwe mapema kabla kijana hajafunguka: "Utakayoniambia hayatatoka hapa. Ila kama maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au kama kuna mtu anakuumiza, tutamtafuta mtu wa kutusaidia, na nitakwambia kwanza ni nani." Kijana akijua mipaka, haoni kama amesalitiwa.

Kuhusu usalama pia: mazungumzo yafanyike mahali panapoonekana, si ndani ya keja ya kiongozi, wala si kwa DM za saa sita usiku. Na ikiwa anayemuumiza mtoto ni mtu wa kanisa, hata awe nani, jambo hilo si la kumalizwa na wazee kikaoni. Ni la polisi, afisa wa watoto, au simu ya watoto nambari 116.

Uliza bila kuogopa

Wengi huogopa kutaja kujitoa uhai, wakidhani watampa kijana wazo. WHO imesema wazi kuwa hiyo ni dhana potovu: kuuliza hakumsukumi mtu, bali kunaweza kumpa nafasi ya kupumua. Uliza moja kwa moja: "Umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Akisema ndiyo, usishtuke, usihubiri, usimwache peke yake. Vitu vya hatari viondolewe karibu naye, mzazi au mlezi salama ahusishwe, na msaada wa kitaalamu utafutwe siku hiyo hiyo.

Kulikuwa na sababu ya woga huo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, adhabu yake hadi miaka miwili jela. Familia zilificha, makanisa yalinyamaza. Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyowasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na wengine. Hukumu hiyo iliondoa hoja kwamba kumpeleka kijana hospitalini ni kumpeleka jela.

Kipaji bila mafunzo hakitoshi

Je, vijana wanaweza kweli kuwasaidia vijana wenzao? Kenya ina ushahidi. Taasisi ya Shamiri, aliyoianzisha Tom Osborn na wenzake, huwafunza vijana waliomaliza sekondari waongoze vikundi vya wanafunzi kwa wiki nne, saa moja kila wiki. Wanazungumzia uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Matokeo ya utafiti wao yaliyochapishwa 2021 yalionyesha dalili za msongo wa mawazo na wasiwasi zikipungua zaidi kwa wanafunzi hao kuliko kwa wale waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafunza mabibi wa mtaani waketi kwenye benchi na kuwasikiliza watu, na benchi hilo likawa mfano duniani.

Shamiri na benchi la Harare si huduma za kanisa. Ila vina mambo matatu ambayo huduma nyingi za vijana hazina: wasikilizaji wamefunzwa, wana mtu wa kuwasimamia, na wanajua wapi pa kumpeleka mtu akizidi uwezo wao. Mafunzo yenyewe si lazima yawe marefu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa 2011 na WHO pamoja na mashirika mengine, likiwemo la Kikristo la World Vision, una maneno matatu ya kukumbuka: angalia, sikiliza, unganisha.

Hilo la tatu ndilo gumu Rongai. Hospitali ya Mathari iko ng'ambo ya pili ya jiji, kwenye Thika Road, na Hospitali ya Kenyatta nayo inahitaji nauli na siku nzima. Kanisa linaweza kuanza hapo. Lina bajeti ya spika, ya tisheti za kambi ya Agosti, ya mgeni wa kesha. Liwe pia na mfuko mdogo wa nauli na ada ya mshauri nasaha, na orodha ya vituo vya afya na washauri ambao viongozi wamewatembelea na kuwajua. Mchungaji awaeleze wazazi mpango huo hadharani, ili siku mtoto wao akipelekwa wasidhani ni fedheha.

Kiongozi naye asisahauliwe. Anayebeba siri za vijana 40 bila mtu wa kumsikiliza atachoka, na siku moja atatoweka kanisani bila kuaga. Apewe mapumziko, apewe msaidizi, apewe mtu mkubwa wa kuzungumza naye kila mwezi.

Na wewe tineja unayesoma hii kwa simu ukiwa umejifungia: ukimwambia mtu mmoja na akakujibu vibaya, kosa ni lake, si lako. Jaribu mwingine. Simu ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199, na kuipiga ni bure. Befrienders Kenya wako 0722 178 177. Simu ya watoto ni 116. Huhitaji kuwa na maneno yaliyopangika. Sema tu kwamba hauko poa.