Baruti ya Gobore: Neno Moja, Vitu Vitatu

1. Utangulizi

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, neno baruti hutumiwa na watu wa aina tatu, na kila mmoja ana kitu chake moyoni. Mwindaji mwenye gobore akisema baruti, anakusudia chembe nyeusi azishindiliazo mtutuni. Mchimbaji wa dhahabu akisema baruti, anakusudia kitu cha kupasulia mwamba. Na ofisa akaguaye silaha akiandika baruti katika hati yake, huenda akawa anakusudia kile kilichomo ndani ya risasi za kisasa. Wote watatu wanasema Kiswahili sahihi. Lakini vitu hivyo vitatu haviwezi kubadilishana nafasi. Kimoja kikitiwa mahali pa kingine, mtutu hupasuka, na mwenye bunduki hupoteza mkono, macho au maisha.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi baruti ya gobore inavyochaguliwa, na kupendekeza istilahi za kuielezea jambo hilo bila utata. Haja yake ni kubwa zaidi sasa kuliko zamani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Kwa hiyo maneno ambayo zamani yalibaki porini na karakanani hayana budi kuingia katika sheria, kanuni, vibali na matangazo. Mfasiri hana tena ruhusa ya kuliacha neno la kigeni lijieleze lenyewe.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba kueleza istilahi si kuruhusu kitendo. Kumiliki gobore kunahitaji kibali, na kuwinda kunahitaji leseni. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo wakazi wa wilaya hizi waliyafahamu kwa majina hayo kwa miaka mingi, yalifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, na uwindaji ndani yake ni marufuku.

2. Neno lilivyoingia na lilivyotanuka

Asili ya neno baruti iko upande wa Kiarabu na Kituruki, ambako husemwa barud na barut. Neno hilo lilifika pwani pamoja na bidhaa yenyewe, kisha likapanda bara kwa njia ya misafara. Speke na Grant walipopita Usui, yaani nchi ya Wasubi, mwaka 1861, wakielekea Karagwe kwa Mukama Rumanika, waliifuata njia ambayo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wameizoea tayari. Bunduki, baruti na vitambaa vilikuwa miongoni mwa bidhaa za njia hiyo.

Wakati huo neno halikuwa na utata wowote, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kimoja. Baruti ilikuwa mchanganyiko mweusi wa shura, makaa na kiberiti, basi. Ndiyo iliyotiwa katika bunduki, na ndiyo iliyopasua miamba. Vitu ndivyo vilivyobadilika baadaye. Mwaka 1867 Alfred Nobel alipewa hataza ya dainamiti. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi. Kiswahili kiliwapokea wageni hao wawili kwa ukarimu wake wa kawaida, kikawapa wote jina la mwenyeji.

Waandishi wa mikataba waliiona tofauti hii mapema. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku kuingiza silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika, hasa bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu, lakini uliacha mlango kwa masharti kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Hivyo zaidi ya miaka 130 iliyopita, katika hati iliyohusu nchi zetu, baruti moja ilitengwa na nyingine kwa maneno. Sisi katika lugha yetu hatujafanya hivyo bado.

Leo matumizi yenye nguvu zaidi ni yale ya madini. Sheria iliyotungwa mwaka 1963 kuhusu vilipuzi huitwa kwa kawaida Sheria ya Baruti, na maofisa wa madini husema vibali vya baruti na maghala ya baruti. Vilevile wavuvi haramu husemwa kuwa wanavua kwa baruti. Biharamulo ni wilaya ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulifanya kazi huko kuanzia mwaka 2005, na wachimbaji wadogo wapo hadi leo. Basi kijana wa Biharamulo huenda akamjua baruti wa mgodini kabla ya kumjua yule wa gobore, ambaye kwa historia ndiye mkubwa.

3. Tofauti ya vitu vyenyewe

Mwalimu wa sayansi atatusaidia hapa. Baruti nyeusi huwaka kwa kasi kubwa, na moto wake hutoka chembe hadi chembe. Gesi inayozaliwa huisukuma risasi na kuitoa mtutuni. Kilipuzi cha mgodini hakiwaki hivyo. Hicho hulipuka mara moja kwa mshindo unaovunja kila kilicho karibu nacho. Kilipuzi ndani ya mtutu hakisukumi risasi, bali hukivunja chombo. Ndiyo sababu tunashauri kitenzi kuwaka kitumike kwa baruti ya bunduki, na kulipuka kwa kilipuzi, ingawa katika mazungumzo ya kawaida vyote viwili husemwa kulipuka.

Baruti isiyotoa moshi nayo huwaka, lakini nguvu yake ni kubwa mno kwa gobore. Kipimo kile kile cha ujazo ambacho kwa baruti nyeusi ni salama, kwa baruti isiyotoa moshi huzaa kani ambayo mtutu wa gobore haukutengenezwa kuistahimili. Hatari huzidi pale mtutu ulipofuliwa kijijini kwa bomba ambalo halikukusudiwa kuwa bunduki. Nchi hizi ni za wahunzi hodari. Warongo wa upande wa Biharamulo na Geita walijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma, na ufundi wao ni wa kuheshimiwa. Lakini ufundi wa jembe si kipimo cha mtutu. Wala mtu asidanganyike kwa rangi, kwani baruti nyingi zisizotoa moshi nazo ni nyeusi au kijivu. Kinachoitambulisha baruti ni maandishi ya kopo lake, na maandishi hayo aghalabu ni ya lugha ya kigeni. Hapo ndipo mfasiri anapobeba dhamana ya uhai wa mtu.

4. Kuchagua chembe

Baruti nyeusi huuzwa kwa ukubwa wa chembe, na katika makopo mengi ukubwa huo huonyeshwa kwa herufi F. Kadiri F zinavyoongezeka, ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Chembe ndogo huwaka upesi kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya baruti hiyo huguswa na moto kwa wakati mmoja. Chembe kubwa huwaka polepole.

Kanuni ya uchaguzi inatokana na hapo. Bunduki yenye tundu pana na mtutu mrefu, kama gobore la kawaida la Ngara, hufaa chembe za kati, yaani FFg. Bastola ya kushindilia, ambayo katika nchi nyingine, hasa Marekani, baadhi ya watu huiwindia, ina mtutu mfupi. Risasi hutoka mapema, na baruti iwakayo polepole ingemalizikia nje ya mdomo kwa moto na moshi mtupu. Kwa sababu hiyo bastola hiyo na bunduki za tundu dogo hutakiwa chembe laini, yaani FFFg. Chembe laini sana, FFFFg, ni za kutia katika kifa cha gumegume tu, ili zipokee cheche. Hazifai kushindiliwa mtutuni. Chembe nene, Fg, ni za mitutu mipana sana.

Tangu mwaka 1976 imekuwapo pia baruti mbadala, iliyotengenezwa ili itumike mahali pa baruti nyeusi. Hiyo huhitaji joto kubwa zaidi ili iwake. Kwa fataki huwaka, lakini kwa cheche za gumegume mara nyingi hukataa. Tena ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, na kwa hiyo hupimwa kwa ujazo ulio sawa na wa baruti nyeusi, wala si kwa uzito ulio sawa. Mfasiri akiandika uzito mahali pa ujazo, amembadilishia mtu kipimo cha baruti bila kujua.

5. Mitego minne ya mfasiri

Mtego wa kwanza ni baruti inayomiminwa kwa kipimo, tofauti na ile iliyofinyangwa kuwa vidonge. Kiingereza huitaja kwa neno ambalo kamusi hulitafsiri kuwa -legevu au huru. Baruti legevu haina maana, na baruti huru yafanana na mfungwa aliyeachiliwa. Unga wa baruti nao hupotosha, kwani unga ni kitu kilichosagwa, na tumeona kwamba ukubwa wa chembe ndio msingi wa usalama. Tunapendekeza baruti ya kumimina, kwa kuwa hutaja kitendo chenyewe, na kinyume chake kiwe baruti ya vidonge.

Mtego wa pili ni wa kipimo. Katika maelekezo ya kigeni neno moja hutumika kwa punje na kwa kizio cha uzito ambacho ni karibu miligramu 65, na ambacho 7,000 zake hufanya ratili moja. Akiandika mfasiri kwamba bastola yatiwa chembe 30, msomaji ana haki ya kuzihesabu moja moja. Inafaa chembe ibaki kwa punje, na kizio kiitwe greni.

Mtego wa tatu ni neno kiberiti. Maana yake ya kale ni lile jiwe la manjano, na kwa maana hiyo kusema baruti ina kiberiti ni sahihi kabisa. Lakini msomaji wa leo huona kijiti cha kuwashia moto. Katika maandishi yahusuyo baruti inafaa iandikwe salfa, ili mtu asidhani ameelekezwa kutia vichwa vya njiti katika bunduki.

Mtego wa nne ni baruti lenyewe bila kivumishi. Tangazo lisemalo kwamba ni marufuku kuhifadhi baruti nyumbani laweza kusomwa na mchimbaji kuwa lamhusu mwindaji, na mwindaji akadhani lamhusu mchimbaji. Kila mmoja atalala usingizi.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Wako watakaosema kwamba baruti lirudishwe kwa bunduki peke yake, na ya mgodini iitwe kilipuzi. Hoja hiyo ni nzuri kimantiki, lakini lugha haiendeshwi kwa amri. Matumizi ya migodini yamekwisha kukomaa. Tunaona ni heri kuliacha baruti liwe jina la jumla, na kuweka kanuni kwamba katika maandishi rasmi lisisimame peke yake. Zifuatazo ni istilahi tunazozileta mbele ya wasomaji. Nyingi si mpya, zimetolewa tu katika kamusi na vinywa vya watu.

Baruti nyeusi: mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, utumikao katika gobore.
Baruti isiyotoa moshi: baruti ya risasi za kisasa, isiyofaa kwa gobore.
Baruti ya miamba: kilipuzi cha migodini na machimboni.
Baruti mbadala: itumikayo mahali pa baruti nyeusi.
Baruti ya kumimina. Baruti ya vidonge: kama ilivyoelezwa juu.
Chembe nene, za kati, laini, laini sana: ukubwa wa chembe, Fg hadi FFFFg. Herufi za kopo ziandikwe pamoja na jina, zisiachwe.
Gobore: bunduki ndefu ishindiliwayo kwa mdomo wa mtutu.
Bastola ya kushindilia: silaha ya namna hiyo ishikwayo kwa mkono.
Gumegume: jiwe la kutoa cheche, na pia bunduki yenye jiwe hilo.
Fataki: kikopo kidogo cha kuwashia baruti kinapogongwa.
Kifa: mahali pa kupokelea cheche au kuvalishia fataki.
Mdeki: ufito wa kushindilia.
Marisau: risasi ndogondogo za kutawanyika.

Maneno kama kifa na mdeki yamo hatarini kusahauliwa, maana wenye kuyatumia wanapungua pamoja na magobore yenyewe. Mwalimu asiyaone kuwa ya kale tu. Neno likipotea, maelekezo ya usalama yaliyobebwa nalo hupotea pia, na mahali pake hujazwa kwa ishara ya kidole.

7. Hitimisho

Istilahi nyingi tunazojadili katika kurasa hizi zikikosewa, hasara yake ni aibu ya mwandishi au usumbufu wa msomaji. Hizi ni za namna nyingine. Baina ya baruti nyeusi na isiyotoa moshi, baina ya ujazo na uzito, baina ya chembe na greni, kuna neno moja tu, na neno hilo huandikwa na mtu aketiye mezani ambaye pengine hajaona gobore maishani mwake.

Watumishi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, pamoja na walimu wa huko, wanaombwa wayapime maneno haya kwa wahunzi, wachimbaji na wazee waliopata kuwinda, kisha walete maoni yao kwa Baraza. Ikiwa watu hao wana neno lililo bora kuliko tulilopendekeza, hilo ndilo litakalofaa kuandikwa.