Wakati wa baridi pia ngombe iko na kiu



Katika milima ya Itombwe na Minembwe, kiangazi cha mwezi wa 6 mpaka wa 8 kinakuja pamoja na baridi ya usiku. Wafugaji wengi wanasema: «Sasa jua si kali, ngombe haina lazima ya maji mingi.» Kisha maziwa yanapunguka, na wanafikiri ni ugonjwa. Mara nyingi ni kiu tu.

Sababu iko ndani ya majani. Wakati wa mvua, katika kilo 10 za majani mabichi, karibu kilo 7 au 8 ni maji. Ngombe inakula na kunywa kwa mara moja. Lakini kilo 10 za majani yaliyokauka zinabaki na kilo 1 au 2 tu ya maji. Inayobaki yote ngombe inapaswa kuinywa. Ikikosa, inakula kidogo, mavi yanakuwa magumu, macho yanaingia ndani, na maziwa yanashuka, kwa maana maziwa yenyewe karibu yote ni maji.

Tuhesabu litre 30 kwa ngombe moja kila siku. Ile inayokamuliwa, tuiongezee litre 3 au 4 kwa kila litre ya maziwa inayotoa.

Tunawashauri hivi:

1. Musipeleke ngombe kunywa alfajiri. Maji ikiwa baridi sana, inaonja tu na kuacha. Mungoje jua lipande. Kama inawezekana, zinywe tena mbele ya kurudi nyumbani.

2. Mukate pipa la litre 200 katikati kwa urefu. Kila nusu inabeba karibu litre 100. Kwa ngombe 10, mujaze nusu 3 kila siku. Pipa lililobeba dawa ya sumu, hapana!

3. Muzungushie chemchemi lupango, na maji ipite katika tiyo mpaka kwenye pipa. Ngombe zikikanyaga pale, maji inakuwa matope, na mahali pa matope konokono wanaleta minyoo ya maini. Tena, wenzetu wa chini wanakunywa maji ileile.

4. Ngombe za nguvu zinasukuma zingine. Zenye mimba na ndama zinywe kwanza.

Mutu mumoja hawezi kutengeneza chemchemi peke yake, lakini koperative inaweza. Mbele mwezi wa 6 ufike, mukutane, muhesabu ngombe, kisha muhesabu mapipa. Kama mapipa hayatoshi, muanze kutafuta sasa.