Kolwezi: Maandishi yakifutika kwenye mashini ya zamani, nani atayarudisha?

Mashini ya kukata majani ikifikisha miaka 40, mara nyingi kitu cha kwanza kufa si mota. Ni maandishi. Kibandiko chenye jina la kiwanda kimeungua na jua, kimelambwa na esansi inayomwagika kila mara tanki linapojazwa, na vumbi la Kolwezi limekisugua kama msasa. Mota inaweza bado kuwaka kwa kamba ya kwanza. Lakini mwenye mashini hajui tena ni ya aina gani wala ya mwaka gani, na akienda kutafuta kisu kipya au kaburata hana la kumwambia muuzaji zaidi ya «ile nyekundu».

Jimboni Lualaba, majani ya uwanja hukatwa zaidi na kupekupe kuliko na mashini. Tondeuse, kama wengi wanavyoiita, ni kitu cha kampuni: ilikuja na nyumba za wakubwa wa Union Minière, baadaye Gécamines, zilizojengwa na bustani mbele na nyasi za kukatwa kila juma wakati wa mvua. Zile ambazo hazijachukuliwa na wanunuzi wa mitraille zimelala nyuma ya nyumba, chini ya bati, pamoja na baiskeli na vyuma vingine ambavyo mzee wa nyumba anakataa viuzwe.

Nchini Uingereza watu wanazitafuta mashini kama hizo. Huko ndiko zilikozaliwa: Edwin Beard Budding, fundi wa Gloucestershire, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1830, akiwa amechukua wazo kutoka kwa mashini ya kiwanda cha nguo iliyokuwa ikinyoa manyoya juu ya kitambaa. Kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilianza kuzitengeneza mwaka 1832. Mji wa Southport una jumba zima la makumbusho ya mashini hizo, na wapenzi wake wana chama chao. Kwao, mashini iliyopakwa rangi vizuri lakini haina kibandiko chake ni kama mtu aliyevaa suti bila viatu. Ndiyo sababu kumezuka huko kazi ndogo ya kuchora upya vibandiko vilivyoisha.

Kazi hiyo inaweza kufanyika Kolwezi pia, na vyombo vyake tayari viko mjini. Manseba wanaopamba pikipiki zao, wenye taksi, wenye kamyoni za madini wanaotakiwa kuandika namba na jina la kampuni mlangoni, wote ni wateja wa ateliye za vibandiko. Fundi ana kompyuta, ana mashini ya kukata vinyle, ana mikono iliyozoea kubandika bila kuacha mapovu. Kinachokosekana ni mfano wa kufuata. Kwa pikipiki ya mwaka jana, fundi anaangalia pikipiki nyingine iliyosimama barabarani na anaiga. Kwa mashini ya mwaka 1974, hakuna nyingine barabarani.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanzia, na inaanza kwa kutogusa kitu. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuchukua msasa siku ya kwanza. Fundi anataka kuona chuma safi, anasugua, na ndani ya dakika kumi ushahidi wote umegeuka vumbi. Kumbe hata kibandiko kilichokwisha kabisa huacha kivuli chake. Rangi iliyokuwa chini yake haikupigwa na jua, kwa hiyo imebaki nzito kidogo kuliko ya pembeni. Mtu akiosha kwa maji na sabuni laini, kisha akatazama wakati chuma bado kina maji, herufi ambazo hazikuonekana zinaweza kujitokeza. Njia nyingine ni kungoja giza na kumulika tochi kutoka upande, si kutoka mbele. Ukingo wa kibandiko cha zamani una unene mdogo sana, na mwanga wa pembeni unautupia kivuli.

Kinachoonekana kipigwe picha mara moja, rula ikiwa imelazwa pembeni na simu ikiwa imenyooka sawasawa juu ya maandishi. Picha iliyopigwa kwa kuinama inapotosha: herufi za upande mmoja zinakuwa kubwa kuliko za upande mwingine, na baadaye kibandiko kipya hakitakaa mahali pake. Kama sehemu yenyewe ni ya mviringo, kama kifuniko cha mota au tanki, picha peke yake haitoshi. Karatasi ya calque, ile ambayo kila aliyesoma shule ya ufundi anaijua, inafungwa juu ya chuma, na penseli laini inapitishwa juu yake mpaka umbo litoke. Pia umbali kutoka ukingo wa chuma mpaka herufi ya kwanza upimwe na uandikwe. Watu wengi wanasahau hilo, halafu wanakuwa na kibandiko kizuri wasichojua pa kukiweka.

Neno lenyewe ambalo Waingereza wanalitumia kwa vibandiko hivi, decal, limetoka katika Kifaransa, décalcomanie. Viwanda vya zamani havikutumia vinyle. Picha ilichapwa juu ya karatasi yenye gundi inayoyeyuka; karatasi ililowekwa majini, na utando mwembamba wenye picha uliteleza ukakaa juu ya chuma, kisha ukapakwa vernisi. Vibandiko vyenye gundi yake mwenyewe vilikuja baadaye, baada ya Mmarekani R. Stanton Avery kuanza kutengeneza lebo za namna hiyo mwaka 1935. Tofauti hiyo ina maana kwa fundi wa leo. Kibandiko cha maji ni chembamba mno, ukipitisha kidole huhisi ukingo. Vinyle ni nene na inaonekana kuwa imebandikwa. Kwenye mashini ya miaka ya 1950, mtu anayejua ataliona hilo kutoka mbali.

Picha ikishaingia kwenye kompyuta, isichapwe hivyo ilivyo. Inachorwa upya, mstari kwa mstari, kwa programu ya michoro kama CorelDRAW, au Inkscape ambayo hailipiwi. Kazi hii ni ya uvumilivu. Herufi za viwanda vya zamani mara nyingi hazimo katika orodha ya herufi za kompyuta, kwa sababu zilichorwa kwa mkono na mchoraji wa kiwanda. «R» yake inaweza kuwa na mguu ambao hakuna «R» nyingine inao. Fundi mwenye haraka anachagua herufi inayofanana, na hapo anakuwa ametengeneza kibandiko chake mwenyewe, si kile cha mashini. Kama nusu ya neno imepotea, herufi zilizobaki zinasaidia: «n» iliyo nzima inatoa sehemu kubwa ya «m» na «h».

Halafu kuna shida ya rangi nyeupe. Printa za kawaida za ofisi hazichapi nyeupe; zinaacha tu karatasi ionekane. Juu ya utando usio na rangi, herufi nyeupe zinakuwa si kitu, na rangi ya mashini inapita. Kwa hiyo nyeupe inakatwa kutoka kwa vinyle nyeupe na kuwekwa chini, rangi nyingine zinakuja juu yake. Kuhusu rangi zenyewe, kile kinachoonekana kwenye kibandiko cha zamani si rangi yake. Nyekundu imekuwa ya waridi, njano imekuwa kama karatasi. Rangi ya kweli itafutwe mahali ambapo jua halikufika, chini ya boliti au nyuma ya kifuniko.

Na mwaka? Hapa mota inaweza kusema mahali ambapo kibandiko kimenyamaza. Mashini nyingi za Ulaya na Marekani zilifungwa mota za Briggs & Stratton, kampuni ya Milwaukee iliyoanzishwa mwaka 1908. Juu ya bati la mota yao kuna namba zilizogongwa ndani ya chuma, ambazo jua haliziwezi. Katika namba ya msimbo, tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi, mbili nyingine ni siku. Msimbo unaoanza na 740612 ni wa mota iliyotengenezwa tarehe 12 Juni 1974. Mwenye mashini akijua hilo, hatabandika maandishi ya mwaka 1985 juu yake. Lakini ahakikishe kwanza kwamba mota haikubadilishwa, na Kolwezi mota hubadilishwa.

Kwa mashini zilizopita mikononi mwa makampuni ya hapa, kuna tabaka la pili la maandishi, na huenda hilo ndilo lenye thamani zaidi kwa wakaaji wa Lualaba. Ni jina la mwenye mali. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Serikali iliitaifisha kuanzia tarehe 1 Januari 1967, ikaitwa Gécomin, na mapema miaka ya 1970 ikawa Gécamines. Kila badiliko lilikuwa na kazi yake ya rangi na burashi: milango ya magari, matangi, vifaa vya karakana. Upande wa reli ilikuwa vilevile. BCK, KDL, SNCZ kuanzia 1974, Sizarail mwaka 1995, SNCC mwaka 1997. Hata kituo cha umeme cha Delcommune kiligeuka Nzilo, na Le Marinel ikawa Nseke. Jadotville ikawa Likasi. Kwa hiyo chuma chenye herufi UMHK kilipakwa kabla ya 1967, na chenye Gécomin kiliandikwa katika miaka michache tu. Hakuna cheti kinachosema hivyo waziwazi namna hiyo.

Maandishi haya mengi hayakuwa vibandiko. Yalipakwa kwa kutumia bati au karatasi ngumu iliyotobolewa herufi, na kila karakana ilikuwa na bati lake. Kuyarudisha kwa vinyle ni kuyapoteza kwa njia nyingine, maana ukingo wa rangi iliyopulizwa haufanani na ukingo uliokatwa na kompyuta. Afadhali fundi akate vinyle kama tundu, aibandike, apulize rangi, kisha aitoe.

Wanaoweza kusahihisha kazi hiyo ni wazee. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Kati yao walikuwamo wapaka rangi, makanika, watu wa magazini. Mtu aliyepaka herufi zile kwa miaka 20 anajua zilikuwa na urefu gani na ziliwekwa upande gani. Miaka zaidi ya 20 imepita tangu waondoke, na idadi yao inapungua.

Kuna upande mwingine wa biashara hii. Anayeweza kurudisha kibandiko cha kweli anaweza pia kubandika jina kubwa juu ya mota isiyo na jina. Wanunuzi wa jenereta na pampu sokoni wanaujua mchezo huo. Sheria nambari 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 juu ya mali ya viwanda inalinda alama za biashara zilizosajiliwa, na kuchapa mia moja za kuuza si sawa na kuchora kimoja kwa ajili ya mashini ambayo kweli ilizaliwa nacho. Hata kwa kimoja, warekebishaji waaminifu wana desturi: bati dogo la namba za mfululizo haliguswi. Likiwa limechakaa, linabaki limechakaa. Na anayeuza anamwambia mnunuzi kwamba kibandiko ni kipya.

Kibandiko kimoja kinastahili kutangulia vyote, ingawa si kizuri kwa macho: kile cha hatari, chenye mchoro wa mkono na kisu. Kwenye tondeuse ya zamani si pambo. Marekani ililazimisha viwanda mwaka 1982 kutengeneza mashini za kusukuma ambazo kisu chake kinasimama ndani ya sekunde tatu mtu akiachia mshikio. Zilizotangulia hazina lazima hiyo. Mtu anaachia, na kisu kinaendelea kuzunguka chini ya bati asikoona. Kijana anayeajiriwa kukata majani akitia mkono kuondoa nyasi zilizoziba, anapoteza vidole. Maandishi ya asili yalikuwa ya Kiingereza, na mpenzi wa vitu vya kale atataka yarudi hivyo. Yarudi. Lakini juu ya mshikio, mbele ya macho ya anayesukuma, kiwekwe kingine cha Kiswahili chenye maneno matatu: «Zima mota kwanza».

Kinachobaki ni haraka, na haraka imeharibu vibandiko vingi. Rangi mpya ya mafuta inaendelea kutoa hewa kwa siku nyingi baada ya kuonekana kavu; vinyle ikiwekwa mapema, inavimba mapovu. Kazi ifanyike kivulini, si juu ya bati lililochomwa na jua la saa sita. Chuma kinyunyiziwe maji yenye sabuni kidogo ili kibandiko kiweze kusogezwa, kisha maji yasukumwe kutoka katikati kwenda pembeni. Juu ya yote, hasa karibu na tanki, ipakwe vernisi ya kuchanganya sehemu mbili, ile ya magari, kwa sababu esansi inayeyusha wino na gundi vya kawaida. Vernisi hiyo ikauke juma zima kabla mtu hajafungua kidumu cha esansi.