Kuomba Ukaazi wa Kudumu Canada kwa Njia ya Ujuzi: Utaratibu Wake na Mahali Tunapoteleza

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Llahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, watu wa visiwani tumezoea safari. Ni nadra Unguja au Pemba kukuta mtaa usiokuwa na jamaa zake Muscat, Dubai au London. Lakini safari ya Ghuba kwa kawaida imefungwa na mwajiri: kazi ikimalizika, na ruhusa ya kukaa humalizika. Sasa vijana wetu waliosoma, wauguzi, walimu, wahasibu na mafundi wa kompyuta, wanaulizia njia nyengine, ya kuomba ukaazi wa kudumu kwa ujuzi walionao. Hapa tutaeleza njia ya Canada, kisha tutataja mambo matatu ambayo familia zetu huteleza, kwa kuwa mambo hayo yanagusa dini kabla ya kugusa sheria za nchi ile.

Utaratibu wenyewe

Tangu Januari 2015, Canada inapokea maombi ya wenye ujuzi kupitia mfumo wa intaneti uitwao Express Entry. Mwombaji aliye nje ya nchi hiyo anatakiwa kwanza awe amefanya kazi ya ujuzi yenye malipo kwa muda usiopungua mwaka mmoja mfululizo, ndani ya miaka 10 iliyopita. Pili, afanye mtihani wa Kiingereza au Kifaransa. Kwa mtihani wa IELTS wa aina ya General Training, asipate chini ya 6 katika kusikiliza, kusoma, kuandika wala kuzungumza. Ndugu zetu wa Ngazija na visiwa jirani wanaojua Kifaransa wasiidharau neema hiyo, kwani inawaongezea nafasi. Tatu, vyeti vya chuo vilivyotolewa nje ya Canada vifanyiwe tathmini na taasisi iliyoidhinishwa.

Baada ya hapo huhesabiwa alama, na asiyefikia 67 kati ya 100 hapiti. Lugha ina alama 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, ahadi ya kazi 10, na mambo ya kuzoea maisha ya huko 10. Anayepita huingizwa kwenye orodha na kupangwa upya kwa alama nyengine zinazofikia 1,200. Wenye alama za juu ndio wanaoalikwa kuomba. Kwa hiyo kuwemo kwenye orodha si kupata ukaazi. Wasifu hudumu miezi 12, na mtu akialikwa ana siku 60 tu za kuwasilisha barua za polisi, vipimo vya afya, barua za kazi na uthibitisho wa fedha.

Kufungua wasifu huo ni bure. Na tangu Machi 2025, ahadi ya kazi haiongezi tena alama katika orodha hiyo ya 1,200. Basi wakala anayekuuzieni barua ya kazi ili "mpande juu" anakuuzieni upepo.

Tunahimiza jambo dogo linalochelewesha watu wengi: majina. Pasi ikisema Khamis, cheti cha skuli kikasema Hamisi, na cheti cha kuzaliwa kikawa na jina la babu lisilokuwepo kwengine, rekebisheni mapema. Cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa Kiswahili kifanyiwe tafsiri rasmi. Muuguzi na daktari wajue pia kuwa ukaazi si leseni: leseni ya kazi yao hutolewa na jimbo watakalokwenda, na yaweza kuchukua muda.

La kwanza: fedha za kuazima

Mwombaji asiye na kazi Canada huonyesha fedha za kuanzia maisha, kwa kadiri ya idadi ya watu wa familia yake. Sharti lililowekwa ni kuwa fedha hizo zisiwe za mkopo, na barua ya benki itaje madeni yake na wastani wa salio kwa miezi sita. Hapa ndipo jamaa hukusanyana, mmoja akatoa akiba ya Hija, mwengine fedha za kiwanja, zikawekwa kwenye akaunti ya kijana kisha zikarudishwa.

Hii ni ghishi. Mtume (Swalla Llahu 'alayhi wa sallam) alimkemea mfanyabiashara aliyeweka chakula kikavu juu na kilicholowa chini, na akaunti ya namna hii haina tofauti na lile rundo. Anayetaka kumsaidia mwanawe ampe hiba ya kweli, aikabidhi na asiidai, na iandikwe kuwa ni hiba. Wala asikimbilie mkopo wa riba: huo utamkosesha sharti la fedha na utamtia katika dhambi kubwa.

La pili: barua za kazi

Kijana aliyefanya kazi katika duka la ami yake, kama kweli alifanya kazi ya uhasibu na akalipwa, ana haki ya kuandikiwa barua yenye saa zake na majukumu yake. Kama hakufanya, barua hiyo ni ushahidi wa uongo, nao ni miongoni mwa madhambi makubwa. Na ami aliyetia saini amekuwa mshirika wake. Sheria ya Canada humzuia aliyedanganya kwa miaka mitano. Hata aliyekwishapata ukaazi anaweza kuupoteza uongo wake ukigundulika baadaye.

La tatu: mke na watoto

Hili ndilo lenye machungu zaidi. Fomu inamtaka mwombaji amtaje mke wake na watoto wake wote, hata wasiosafiri. Wapo wanaomficha mtoto wa ndoa iliyovunjika, au wanaojiandika hawajaoa ili mambo yawe mepesi. Kwa kawaida, mke au mtoto aliyefichwa hawezi kuombewa baadaye kama mwanafamilia. Baba anapata nchi, na mwanawe amefungiwa mlango kwa kalamu ya baba yake.

Wapo pia wanaomwandika mtoto wa ndugu wanayemlea kama wa kuzaa. Kulea ni thawabu kubwa, lakini Qur'ani katika Suratul-Ahzab imetuamrisha kuwanasibisha watoto na baba zao. Maafisa nao wanaweza kudai kipimo cha nasaba.

Kwa mwenye wake wawili, Canada haitambui ndoa hiyo, na kuishi nayo huko ni kosa la jinai. Wengine huambiwa na mawakala: "Mwache mmoja kwenye karatasi tu." Tunaonya kwa ukali. Talaka haina mzaha, na aliyeitamka waziwazi hana udhuru wa kusema alitaka viza. Hata iliyoandikwa bila kutamkwa isichezewe, na aliyekwishaandika aende kwa Kadhi kabla ya kumrudia mkewe. Mwanamume asiyeweza kusafiri bila kumdhulumu mmoja wa wakeze, basi safari hiyo haijamlazimu.

Kabla hamjaamua

Wanachuoni wengi wameruhusu kuishi katika nchi isiyo ya Kiislamu kwa mwenye kuweza kudhihirisha dini yake na kuwalea watoto wake juu yake. Angalieni basi msikiti, madrasa na chakula cha halali katika mji mnaoukusudia. Jueni pia kuwa mkaazi wa kudumu anatakiwa aishi Canada siku 730 katika kila miaka mitano, na kuwa ukaazi hauondoi uraia wa Tanzania, lakini mtu mzima anayechukua uraia wa Canada huupoteza.

Kaeni kikao cha familia, mke asikilizwe, wazazi wasikilizwe, muswali Istikhara. Kila mstari wa fomu ile mtaulizwa na afisa mara moja, kisha mtaulizwa na Mola wenu.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.