Waliyosema Haitaingia DOS

Karibu mwaka 1989, Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa programu huria wa GNU, alikuwa akizungumza na watumiaji wa Unix huko New England, Marekani. Msikilizaji mmoja, DJ Delorie, akamwuliza kama GCC, kompaila ya GNU, inaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta za MS-DOS. Stallman akamjibu kwamba haiwezekani: GCC ni kubwa mno, na DOS ni mfumo wa biti 16. Delorie alirudi kwake akiwa ameazimia kujaribu.

Kompaila ndiyo programu inayosoma maandishi ya mtunga programu na kuyageuza kuwa amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Bila kompaila ya maana, mwenye kompyuta huishia kutumia vilivyotungwa na wengine. Wakati ule, kompaila za biti 32 kwa ajili ya DOS ziliuzwa kwa mamia ya dola. GCC ilikuwa ya bure na msimbo wake ulikuwa wazi, lakini ilizoea mashine kubwa za Unix, si kompyuta ndogo za mezani ambazo watu wengi walikuwa nazo.

Jibu la Stallman lilikuwa na msingi. DOS ilitungwa kwa ajili ya prosesa ya Intel 8088, ambayo haioni zaidi ya megabaiti 1 ya kumbukumbu, na katika hiyo programu za kawaida ziliachiwa kilobaiti 640 tu. Tena kumbukumbu yenyewe ilisomwa kwa vipande visivyozidi kilobaiti 64. GCC ilitarajia uwanja mmoja mpana usiokatwakatwa.

Hata hivyo, tangu 1985 Intel ilikuwa imetoa prosesa ya 80386, ya biti 32, yenye uwezo wa kufikia gigabaiti 4 za kumbukumbu. Watu walinunua mashine zenye prosesa hiyo, wakawasha DOS, na DOS ikaitumia kana kwamba ni ile ya zamani iliyoongezewa kasi. Nguvu ilikuwa imekaa bure mezani kwa watu. Hapo ndipo Delorie alipoiona nafasi.

Alitunga programu aliyoiita go32. Ilianza kama programu yoyote ya DOS, kisha ikaihamisha prosesa kwenye hali yake ya biti 32 na kuipakia humo programu iliyotengenezwa na GCC. Kazi ngumu ilianzia hapo, kwa sababu DOS yenyewe haikuweza kufanya kazi katika hali hiyo. Kila programu ilipotaka kufungua faili, go32 ililazimika kuinakili taarifa hadi chini ya mpaka wa megabaiti 1, kuirudisha prosesa katika hali ya zamani, kuiomba DOS ifanye kazi, kuchukua jibu, kisha kupanda nalo tena juu. Ilikuwa mkalimani kati ya wawili wasiosikilizana, na haikupumzika. Kumbukumbu ilipopungua, sehemu yake ilihifadhiwa kwenye diski.

Zilikuwapo pia kero ndogondogo ambazo asiyewahi kuhamisha programu huzidharau. Jina la faili katika DOS halikuruhusiwa kuzidi herufi nane, nukta moja na herufi tatu, ilhali vifurushi vya GNU vilijaa majina kama config.h.in, yenye nukta mbili. Mistari ya maandishi haikumalizwa kwa alama zilezile. Mkwaju wa kutenganisha folda ulilala upande mwingine. Kazi ya aina hii haina sifa, na mimi nashikilia kwamba inastahili heshima sawa na ile ya kutunga programu yenyewe: zana isiyofika kwenye mashine ya mtu, kwake haipo.

Kazi ya Delorie ikajulikana kama DJGPP, na wengine wakajiunga. Charles Sandmann alitunga CWSDPMI, iliyosimamia kumbukumbu katika toleo la pili la DJGPP. Eli Zaretskii alihamisha zana nyingi za GNU na kuandika maelezo ambayo wanaoanza waliyategemea. Shawn Hargreaves aliitumia DJGPP kukuza Allegro, maktaba iliyowapa vijana wengi njia ya kutunga michezo yao ya kwanza. Mwaka 1996 kampuni ya id Software ilipotoa mchezo wa Quake kwa DOS, mchezo huo ulikuwa umetengenezwa kwa DJGPP, na CWSDPMI ilisafiri pamoja nao.

Hakuna kati ya watu hawa aliyehitaji kubisha hodi kwa mwenye GCC. Leseni yake ilikwisha kuwaruhusu kuusoma msimbo, kuubadili na kuugawa, mradi nao wawaachie wengine haki hiyohiyo. Ndiyo maana "haiwezekani" ya mwanzilishi mwenyewe haikumzuia mtu.

Delorie baadaye alifanya kazi Cygnus, kampuni iliyotengeneza Cygwin, na akashiriki katika mradi huo wa kuzipeleka zana hizohizo za GNU kwenye Windows.